Ngazi ya Nyuma ya Kanisa

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku baridi inakouma masikio. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Bado unachuma majani chai, au kaka Nyakundi amekushawishi upumzike? Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauna raha, kwa sababu ya ile picha ya kanisa niliyokutumia.

Nyakundi ameniambia uliipeleka Birongo, wazee wa kanisa wakaipenda, na sasa fundi atajenga kanisa letu jipya kwa kuiiga. Eti akina mama walimshukuru Mungu kwamba nimepata Waadventista wenzangu ugenini. Mama, lile si kanisa letu. Ni la Waepiskopali, ndio Waanglikana wa huku, na wao husali Jumapili. Mimi ni mfagizi wao. Siku yangu kubwa ya kazi ni Jumamosi, Sabato yetu, kwa maana ndiyo siku ya harusi. Uliponisifu ningekurekebisha papo hapo, lakini nilipenda kusifiwa, nikanyamaza. Naona aibu.

Kanisa lenyewe ni zuri, siwezi kukataa. Madirisha yamechongoka juu kama pasi ya makaa, dari ni ya mbao nyeusi, na viti vina vilango vyake, kwa kuwa zamani kila familia tajiri ilinunua chake. Mjane mmoja anayetembeza wageni alinionyesha alama za vidole kwenye matofali ya ukutani. Ni vidole vya watumwa, watu weusi kama sisi, ndio walioyafyatua.

Uliniuliza ile ngazi nyembamba ya nje ni ya nini. Nyakundi anasema fundi ataijenga ipande hadi roshani ya kwaya. Huku haikuwa ya kwaya. Watumwa walipandia hapo ili wasipite katikati ya mabwana zao, wakakaa juu kwenye joto la paa, ndani ya kanisa walilolijenga wenyewe. Mimi huifagia kila Sabato.

Ijumaa jua likizama kwenu, unaponipigia tufungue Sabato kwa wimbo, huku ni mchana na mimi niko kazini. Huimba nawe nikiwa nimeshika ufagio. Juzi uliniuliza, "Umetulia, mwanangu?" Nikakujibu, "Nimetulia, Mama."

Tafadhali mwambie fundi achukue madirisha, aiache ngazi. Kwaya ipite mlango mmoja na watu wote. Wazee nao waambie ukweli wangu, kwamba nafanya kazi siku ya Sabato, hata wakiamua kunifuta ushirika. Nimeomba nibadilishiwe siku ya kazi, bado sijajibiwa.

Nisalimie Nyakundi, kaka yangu asiyejua kuweka siri, shangazi Moraa anayekuchotea maji, na mchungaji aliyenibatiza, kama atataka salamu zangu.

Ijumaa nitakuwa na simu mkononi. Ukipiga, niulize tena kama nimetulia.

Mwanao,
Kemunto