Bomba Lenye Tai

Kamau mwanangu,

Wewe ni mwongo. Nimekuita baba tangu unanyonya, maana jina lako ni la baba yangu, lakini leo nakuita mwongo. Ningekuambia ukiwa umesimama mbele yangu na kofia mkononi, ila hukuningoja. Kwa hiyo nakuandikia. Darasa la tatu halimpi mtu mwandiko mzuri. Soma hivyo hivyo.

Unakumbuka nilipofika hapa Riverdale Park, huku Marekani, baridi yangu ya kwanza? Nilikuuliza jiko liko wapi. Ulicheka mpaka Esther mkeo akaja kuangalia kuna nini. Ukanishika mkono, ukanishusha chini ya nyumba, ukanionyesha boila yako, mtambo wa kuchemshia maji, na ukutani vyuma viwili vya shaba, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na midomo mitano.

"Hiki cha juu kinagawa maji ya moto, Mama. Kila bomba linaenda chumba chake, linazunguka chini ya sakafu, linaacha joto. Maji yakishapoa yanarudi hapa kwa hiki cha chini, pampu inayapeleka tena motoni."

Nikasema hiyo ni kazi ya punda.

"Ndiyo, ila punda huyu halali."

Kwetu Limuru moto ulikuwa mmoja na watu ndio walioufuata. Jiko la makaa katikati, na wewe ulikuwa mchoyo wa jiko kuliko watoto wangu wote. Nimekugonga magoti na mwiko mara ngapi ili usogee, wenzako nao waote? Hapa moto ndio unaomfuata mtu, kila mmoja chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilikuambia sikupenda, na bado sipendi.

Kwa kuwa maandishi ya Kizungu sikuyaweza, uliniwekea vitambaa. Bomba la chumba changu ukalifunga kipande cha kitambaa changu cha kichwa, kile cha bluu cha akina mama wa kanisa. La Wambui, binti yako mwenye jina langu, kipande cha soksi yake nyekundu. La chumba chenu, tai uliyooa nayo, umeikata bila haya. Mengine mawili, la jikoni na la sebuleni, ukayaacha uchi.

"Na usiziguse koki, Mama. Maji ni mavivu. Ukiyaachia yatapita njia fupi yasahau ya mbali. Bomba lako ndilo refu kuliko yote, kwa hiyo yale mafupi nimeyabana kidogo ili nawe upate."

Hayo ulisema. Hukusema lililo fupi kuliko yote ni lako.

Mimi ni mtu wa kulalamika, sikatai. Nyayo zikiganda nilipiga ukuta na fimbo. Ulishuka, nikasikia ngazi zinalia, na asubuhi ukachungulia mlangoni: "Na leo je?" Nikasema afadhali. Asante sikusema, nani humshukuru fundi nyumbani kwake? Siku ya tatu nikapiga ukuta tena. Pampu ni ndogo, ulisema, nitaleta kubwa. Lakini kutwa ulikuwa Arlington ukipasha moto nyumba za wengine, na pampu ya mama yako ikangoja.

Ndipo nikaanza kukuona unalala na koti. Lile la kazi, la kahawia, zipu imekatika. Esther alikuwa zamu ya usiku huko Greenbelt, kwa wazee anaowatunza, kwa hiyo baridi ya chumba ulikuwa nayo peke yako. Nikakucheka mbele yake. Nikasema mwanamume wa miaka arobaini anajikunyata kama kuku wa mvua.

"Uzee, Mama," ukasema.

Esther akainama akaendelea kukunja nguo. Alijua. Nyote wawili mlijua, mkaniacha niropoke.

Ulipokufa daktari alisema ni moyo. Nilimsikia. Si baridi iliyokuua, kila mtu ameniambia, na naamini. Lakini juma lililopita nilishuka mwenyewe, ngazi zote kwa matako, nikafunge bomba lenye tai. Humo halali mtu tena, nikasema, moto wa nini? Nikashika koki. Ilizunguka kidogo tu, ikagoma. Nikadhani ni kutu. Nikamwita Mutua, yule uliyefanya naye kazi. Akaja, akaangalia, akavua kofia.

"Mama, hii haina kutu. Ilikuwa imefungwa tayari. Alijibakizia tone tu."

"Nani alifunga?"

"Si yeye? Kila ulipokosa joto alijibana, maji yaje kwako."

"Kwa nini hakubana la jikoni? La sebuleni?"

"Mchana si wewe unayekaa huko?"

Ningejua, Kamau, ningevaa soksi mbili. Ni hilo tu lililotakiwa, soksi mbili na mdomo kufungwa, na hukunipa nafasi. Nilikugonga na mwiko ujifunze kusogea, sikujua kwamba somo liliingia. Nani alikuambia usogee mpaka nje ya moto?

Mutua amelifungua lako, akabana langu nikiwa nimemsimamia. Pampu kubwa ataleta. Nimemwambia akigusa vitambaa atanijua. Kama kuna mtu anasikia baridi nyumba hii, si mimi. Jana nilivua viatu nikasimama chumbani kwenu. Sakafu ina joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Nikasema kwa sauti, "Na leo je?" Nikangoja.

Lakini Esther haingii humo. Tangu tukuzike, akitoka zamu analala kwenye kochi la sebuleni, amevaa koti lako. Wambui anamsihi kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili. Ananijibu, "Nimezoea hapa, Mama," kwa sauti ile ile uliyosemea uzee. Mwongo mwingine. Mlifaana.

Mimi ananikatalia. Wewe hakukukatalia hata mara moja. Basi mwendee, hata kama ni ndotoni, umwambie chumba kimepata joto, avue hilo koti, akalale kitandani kwake. Na usimwambie ni mimi niliyekutuma.

Mama yako,
mwenye kitambaa cha bluu