Buti Lako Limekauka, Baba

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya buti la gari lako, miguu ikining'inia nje, hapa uani kwetu Mbumbuni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na nimekaa pakavu. Najua ungekuja kupapasa zulia kwa mkono wako mwenyewe, maana hungeniamini.

Unakumbuka kila Julai ulivyotoa ile silikoni yako ya kuzibia maji, ukapaka raba ya mlango wa buti kama mtu anayepaka mkate siagi, kisha ukafunga na kutangaza, "Imepona." Na kweli ilipona, mpaka Novemba. Hapa kwetu gari hukaa miezi bila kuona tone, basi kila dawa yako ilifanya kazi. Mama akikwambia ujaribu kwa maji, ulimwangalia kana kwamba ametukana kanisani. Maji yaliyobebwa na punda toka kisimani, uyamwagie gari?

Halafu zile ndengu. Uliweka gunia la mbegu humo ndani, juu ya tairi ya spea, ili mbuzi wasizifikie. Ukapanda basi kwenda Mwingi kwenye mkutano wa kanisa, na mvua ikaja mapema. Uliporudi na kufungua buti, gunia zima lilikuwa limeota machipukizi, meupe na marefu kama ndevu za mzee. Nilidhani utawaka. Ukasema tu, "Angalau hapa mvua imetosha." Tukazipanda hivyo hivyo, wewe ukichimba, mimi na mama tukifukia, na nyingine zilishika. Yale maji chini ya tairi ukayachota kwa kikombe chako cha bati ukapelekea mipapai nyuma ya jikoni. Tangu hapo kila mvua ulikuwa unachota. Hukumwaga hata tone.

Ulipotuacha, gari lilibaki hapa likivuja na kunuka uvundo. Juzi mama akaniambia, "Hii gari imenichosha. Kuna mtu wa Mwingi anakuja kuiangalia Jumamosi." Baba, niliumia. Bado nakusikia ukiimba besi nikikaa kwenye kiti cha mbele. Nikamwomba siku moja tu ya kutafuta panapovuja. Akasema sawa, lakini ikivuja tena, inaenda.

Ijumaa nikatoa kila kitu, nikapangusa mpaka pakakauka, nikanyunyiza unga wa ugali kwenye maungio yote ili maji yakipita yaache alama. Nikajikunja ndani na tochi, mama akanifungia. Yeye alikuwa nje na jagi na mitungi miwili ya maji. Alikuwa ameweka karai chini ya bampa, ili anayoyamwaga ayapate tena.

"Anza chini, upande polepole," nikamwambia.

"Baba yako angeniona leo angenirudisha kwetu," akasema, na akamwaga.

Raba ya mlango haikupitisha kitu. Tusamehe, silikoni yako haikuwa na kosa. Lakini alipofika kwenye taa ya nyuma, upande wa kushoto, nikaona mstari mwembamba unashuka kwenye unga. Nikagonga bati afungue. Nilipofungua ile taa kwa bisibisi, sponji ya kuzuia maji haikuwepo, na hapo hapo nikakumbuka. Ni wewe. Ulibadilisha balbu kando ya barabara ya kwenda mjini Wote, tukiwa tumechelewa kwaya, ukaitupa ile sponji ukisema, "Hii ni urembo tu." Miaka yote hiyo umepaka dawa mlangoni, na kidonda ulikifungua wewe mwenyewe kwenye taa. Nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kama nimekosa hewa.

Duka la spea pale mjini Wote linauza taa nzima tu, sponji hawana. Mama akaingia chumbani, akarudi na patipati yako ya bluu, ile ndala ya bafuni. Sikujua kwamba alikuwa ameitunza. Akashikilia, nikakata kwa kufuata umbo la taa, nikaifunga mahali pa sponji, nikanyunyiza unga tena, tukamwaga mtungi wa pili wote. Unga ukabaki mkavu.

Yule mtu wa Mwingi alikuja Jumamosi. Mama alimpa chai na chapati, akamwambia gari haiuzwi, na akamuuliza habari za mbuzi wake.

Na leo ndiyo mvua yenyewe. Mama ametoka jikoni sasa hivi, leso kichwani, na kikombe chako mkononi. Mazoea tu. Ameinua zulia, akapapasa chini ya tairi, hakuna kitu.

"Sasa mipapai yake nitainywesha na nini?" akaniuliza.

Nyuma yake mvua ilikuwa inaipiga mipapai yenyewe, majani yote yakichuruzika. Amegeuka akaiona. Tumecheka, baba, tumecheka hadi mama akashikilia bampa. Hajacheka hivyo tangu tukuzike. Kisha ameweka kikombe hapa kando yangu, ndani ya buti.

"Kiache hapo," akasema. "Ni chake."

Pumzika vyema. Huku kwako hakuvuji.

Ni mimi, kitinda mimba wako