Pumzi ya Kubandikia Dhahabu

Muhaisnah, Dubai
5 Februari 2023

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, Mungu ni mwema. Masikio yaendeleaje? Kwa kuwa simu huisikii tena, nitakuandikia, na barua atazibeba Evans wa hapa chumbani akija likizo.

Kazi ni kuchonga, ila si twiga kama huko nyumbani. Tunatengeneza viti na fremu za vioo za mtindo wa baroki, wa wafalme wa zamani wa Ulaya. Hawaachi mahali patupu: majani yaliyojikunja, makombe ya baharini, malaika wanene. Ubao wenyewe ni unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, na vumbi lake linawasha. Tumepewa barakoa, lakini nikiivaa siwezi kupuliza vumbi mbele ya patasi kama ulivyonifundisha. Msimamizi wetu, Sir Bassam, hugomba nikiivua. Unasemaje?

Mwanao,
Jotham

Wamunyu
19 Machi 2023

Kwa mwanangu Jotham,

Tu wazima, ila masikio yameshastaafu. Mkeo Agneta anakusalimu sana.

Kumbe watu hukalia majani yasiyoota kwenye mti wowote. Haya, wachongee, ni kazi. Hilo la barakoa halinisumbui kichwa. Usipopuliza utakata kwa kubahatisha, na sikukulea hivyo. Nimepuliza vumbi miaka arobaini na miwili na sijalazwa hospitali hata siku moja. Ivue. Sir akigomba, mwambie baba yako amesema.

Baba yako

Muhaisnah, Dubai
2 Novemba 2023

Kwa Baba mpendwa,

Natumai barua hii itawakuta salama. Nilifanya ulivyosema, na mistari yangu ikawa safi kuliko ya wote. Sir Bassam aliacha kugomba, akanihamishia chumba cha dhahabu.

Huko anayenifundisha ni Resty, mama kutoka Masaka, Uganda. Dhahabu yenyewe ni utando mwepesi kuliko ganda la kitunguu, kwa hiyo feni huzimwa na tunaloa jasho. Mchongo hupakwa udongo mwekundu. Unaupumulia mpaka upate unyevu, unalaza utando, kisha unaupuliza kidogo ushike. Resty anasema nina pumzi ya mwimbaji wa kanisani. Nilifurahi, Baba, kuliko siku uliyonipa tezo yangu mwenyewe.

Nina kikohozi kidogo. Nadhani ni AC ya chumbani.

Mwanao,
Jotham

Wamunyu
14 Julai 2024

Kwa mwanangu Jotham,

U hali gani? Safari hii nauliza kweli. Miezi minane huandiki. Agneta anasema kwenye simu unakatiza maneno katikati, naye anadhani kuna mwanamke karibu. Mimi nadhani kuna jambo jingine. Niandikie.

Baba yako

Muhaisnah, Dubai
30 Agosti 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu. Naandika kidogo kidogo, nikipumzika.

Mwezi wa tano nilikohoa juu ya fremu ya kioo. Dhahabu ya asubuhi nzima ilipeperuka, nyingine ikamganda Resty kwenye nyusi. Hakucheka. Alinipeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari alinionyesha picha: mapafu yamekakamaa kwa vumbi, na yaliyokakamaa hayarudi. Sasa sipandi ngazi bila kukaa katikati. Sir Bassam amesema khalas, nirudi nyumbani. Nitafika tarehe kumi na tano Septemba.

Daktari aliuliza ni nani aliyeniambia nivue barakoa. Nilimjibu ni kiburi changu. Barua yako ya Machi nimeichana, Agneta asije akaikuta mizigoni. Hilo libaki kati yetu.

Mwanao,
Jotham

Wamunyu
14 Septemba 2024

Kwa mwanangu Jotham,

Karibu nyumbani. Barua hii haibebwi na mtu, naiweka kitandani kwako, kwa sababu kukuambia usoni siwezi, na ukinijibu sitasikia.

Ulimdanganya daktari. Kiburi kilikuwa changu. Uliniuliza, na neno lolote ambalo ningesema ungelifuata, nami nikasema ivue. Naumia, mwanangu, na sitaki unifariji. Tezo, patasi na magogo yote nimempa jirani. Hapa hakutachongwa tena.

Barua uliyoichana nilimsomea Agneta jana bila karatasi, maana naikumbuka yote. Hakulia wala hakunilaani. Alichukua ufagio akaingia chumbani kwenu. Alinyunyiza maji kwanza, vumbi lisiruke, ndipo akafagia.

Baba yako