Baba Aliyewadhamini Hata Waliomtukana

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipotutoka ghafla, mkasi mkononi na kochi la mtu likiwa limefunguliwa tumbo mbele yako. Mwenye kochi alikuja msibani, akalia nasi kweli kweli, halafu akamvuta kaka pembeni kumuuliza litakuwa tayari lini. Ungecheka sana.

Mama ametuonya tusikuandike kama malaika. "Semeni alivyokuwa," amesema. Haya basi. Ulikuwa fundi makochi hodari na muongo mkubwa wa tarehe. Mteja uliyemwambia "njoo Ijumaa" alikuta karakana imefungwa, sponji zimerundikwa nje, na jirani anamwambia bila hata kuulizwa: "Fundi yuko mahakamani tena."

Huko mahakamani hukuwa na kesi yako. Ulikuwa mdhamini. Mtu akikamatwa, na ndugu zake wakaogopa kuandikisha majina yao, walikuja kwako. Muuza magazeti, mwanafunzi aliyebeba bango, mama wa watu aliyejibizana na askari sokoni, wote uliwawekea dhamana wakasubiri kesi zao nyumbani badala ya mahabusu. Hukumuuliza mtu kama ametenda kosa. Uliuliza tu kama atafika siku ya kesi. "Kosa atalitafuta hakimu," ulikuwa ukisema. "Mimi namtafutia mtu alale kwake."

Asubuhi ya kesi ulimfuata mtu wako hadi mlangoni, ukangoja avae, mkaongozana. Mara nyingine uliwachanganya. Kuna yule mzee aliyeshtakiwa kwa kuku, ukampeleka kwenye chumba cha kesi za mashamba, naye kwa adabu zake akakaa kimya mpaka hakimu alipomuuliza mpaka wake unaishia wapi. "Mheshimiwa," akasema, "mimi ni wa kuku." Wewe ukasimama kuomba radhi, nyuzi za kochi zimekujaa mabegani.

Mama hakuipenda kazi ile. Tuseme ukweli, aliichukia. Alichoka kupasha chakula moto. Alichoka na watu wasiojulikana kulia sebuleni kwake. Alichoka na yule bwana wa ofisi ya mtaa aliyekuwa akipita na salamu ndefu, za watoto, za afya, za hali ya hewa, kisha anamalizia: "Mwambie fundi asijisumbue na watu wa fujo." Na kilichomuudhi kupita vyote ni kwamba wewe ulikuwa mwanachama wa chama tawala, kofia unayo, mkutano hukosi, na nusu ya watu uliowadhamini walikuwa wakikisema vibaya chama chako mchana kweupe.

"Wanakutukana, halafu unakwenda kuwatoa ndani! Una akili kweli?" alikuuliza siku moja.

"Mke wangu, kukisema chama vibaya si kuua mtu," ukamjibu. "Siku mimi nikitaka kukisema, nitakuwa na mdomo gani kama hawa nimewaacha wafungiwe?"

Mama akasonya, akaondoa sahani.

Halafu likaja suala la Kipaza. Mtaani wote tunamwita hivyo kwa sababu ya ile spika anayotembea nayo begani, na mdomo wake usiojua breki. Alishawahi kusimama mbele ya karakana yako akakuita kibaraka, mtaa mzima ukisikia. Baadaye alikamatwa kituo cha mabasi kwa kutangaza kwamba zahanati haina dawa, na kweli haikuwa nazo. Wakasema ni uchochezi. Nani akaenda kumwekea dhamana? Wewe. Jioni hiyo Mama hakukusemesha kabisa.

Ulipofariki, kesi za wengine zilikuwa zimekwisha. Ya Kipaza ilikuwa bado. Ilipotajwa baada ya mazishi, karani aliita jina lako kama kawaida, kukawa kimya, wakaahirisha. Habari hiyo ilimfikia Mama ikamchoma moyo. Siku nyingine ilipotajwa akajikaza, akaenda mwenyewe, na nia yake ilikuwa moja tu: kuwaambia wakuache upumzike.

"Mheshimiwa, yule fundi alishafariki," alisema. "Naomba msimwite tena."

Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akampa pole. Kisha akamgeukia Kipaza. Kama mdhamini amefariki, alisema, basi mshtakiwa alete mdhamini mwingine sasa hivi, la sivyo atarudi mahabusu mpaka kesi itakapokwisha.

Masikini Mama, hilo hakulijua. Alidhani anakuja kukutoa wewe kwenye midomo ya watu, kumbe anamrudisha mtu ndani. Akageuka kutazama viti vya nyuma. Wenzake Kipaza wa kwenye mikutano walikuwa wanaangalia viatu vyao. Kaka yake, mwajiriwa wa serikali, ametoka nje kupokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Na Kipaza mwenyewe, mdomo wa mtaa mzima, hakuwa na neno. Askari akamshika kiwiko.

Mama angeweza kuondoka, na nani angemlaumu? Alitwambia baadaye kwamba miguu ilikuwa tayari inaelekea mlangoni. Nyumbani hatimaye palikuwa pametulia, hakuna anayegonga, hakuna anayelia, naye alikuwa ameanza kuuzoea utulivu ule. Alijua pia kwamba yule bwana wa salamu angerudi. Alikuwa amechoka, Baba, ule uchovu ambao kulala hakuutoi.

"Niandikeni mimi," akasema.

Hakimu akamuuliza ana uhusiano gani na mshtakiwa.

"Hatuna uhusiano. Hata simpendi."

Watu wakacheka chini chini. Hakimu akamuuliza, sasa kwa nini anataka kumdhamini?

"Kwa sababu hajahukumiwa, Mheshimiwa. Mnamrudisha ndani kwa kuwa mume wangu amekufa. Kufa kwa mume wangu si kosa lake."

Hakimu akamwambia karani aandike.

Nje, Kipaza alitaka kumshika mkono, machozi yanamtoka. Mama akamwambia aache kumwaibisha mbele za watu, na kwamba siku akithubutu kukosa kesi atamtambua. Halafu yeye mwenyewe akakaa kwenye ngazi za mahakama akalia, kilio ambacho hatukumsikia akikilia hata tulipokuzika. Dada, aliyekuwa amemsindikiza, alipomkimbilia, akamwambia: "Nilidhani naichukia kazi ya baba yenu. Kumbe nilikuwa naogopa atakufa aniachie."

Ndiyo umemwachia. Kesi bado ipo. Leo shahidi yuko safarini, kesho hakimu anaumwa, keshokutwa umeme umekatika. Mama anarudi miguu imevimba, anatia maji ya chumvi kwenye beseni, hataki kuulizwa kitu. Kipaza naye hajabadilika hata chembe. Juzi alipita na spika yake akikiponda chama chako. Mama akafunga dirisha, akasema, "Huyu mtu ananichosha," na hakusema zaidi ya hapo.

Wiki iliyopita alibisha hodi mwenyekiti wa tawi lako, yule aliyekununia kwa ajili ya hao hao watu wa fujo. Mwanawe kashikwa, hajafikishwa mahakamani, na wakubwa aliowategemea wamezima simu. Mama alimtazama muda mrefu bila kumkaribisha ndani. Tulidhani atamfukuza, Baba. Akauliza kijana yuko kituo gani, akaenda kutafuta viatu vyake.

Wanaokukumbuka ni mkeo, kaka mkubwa, ambaye sasa ndiye wa karakana, dada na mumewe, kitinda mimba wako, wajukuu, shemeji zako wote na mafundi wenzako. Na Kipaza. Mama alikataa kabisa asiandikwe, akatungoja tufike mwisho, ndipo akasema haya, mwekeni, naye alikuwa mtu wa baba yenu.

Kukusahau hatuwezi. Tumechoka, Baba, hatutakuficha. Kesi inatajwa tena mwezi ujao, na Mama ameshatwambia tusimzuie.