Ndege ya Mwisho ya Athman

Majengo, Nyeri
Tarehe 5 Novemba, 1974

Kwa wifi yangu Mishi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na homa ile uliyoniandikia habari zake iwe imemtoka kabisa yule mdogo. Mimi kwa upande wangu namshukuru Mungu. Niko salama, isipokuwa goti la kulia, ambalo halina dawa kwa baridi ya huku.

Barua yako niliipata siku chache baada ya Idd. Usidhani nimechelewa kujibu kwa kukosa nafasi. Nafasi ninayo tele. Tangu nitoke edani sina wa kumpikia wala wa kuniuliza chumvi imekwenda wapi. Nikipika wali hupika kikombe kimoja, na hicho pia hulala sufuriani. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeishia kwenye salamu.

Habari za hapa si mbaya. Mvua za vuli zimekuja na matope yake, na mlima una siku kumi haujaonekana. Ngendo, jirani yangu muuza makaa, yule aliyekutandikia kitanda siku za matanga, anakusalimu sana. Abdulkadir kinyozi naye anakusalimu. Kaka yako alikuwa akikaa kwenye benchi la nje ya kinyozi huyo kila alasiri, na mpaka leo hakuna anayekaa mahali pale pake. Wazee wanabanana upande mmoja kama kuku. Nikipita kwenda sokoni huzungukia nyuma nisione.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umesema unataka ndege ya mwisho aliyoichonga Athman, uiweke juu ya kabati la redio, ili wanao wamjue mjomba wao. Ni haki yako, maana wewe ndiwe damu yake uliyebaki. Lakini nikuombe uvumilivu, wifi, kwa sababu jibu lake si ndiyo wala hapana, na sharti nianzie mbali kidogo.

Unajua kuliko mimi alivyozipenda zile ndege za majini. Aliniambia kwamba mlipokuwa wadogo huko Kisumu wewe ulikuwa ukijificha nyuma ya mama zikitua ziwani, naye akikimbilia maji. Baadaye alipata kazi kwenye motaboti iliyowatoa abiria ndani ya ndege na kuwaleta gatini, na nadhani hakuwahi kuwa na furaha nyingine kama ile. Zilipoacha kuja, akajifunza useremala, akafuata kazi mpaka huku milimani, akanioa mimi. Lakini moyo wake haukuwahi kukauka yale maji.

Alianza kuchonga miaka ya hali ya hatari. Kafyu ilitufungia ndani jua likitua, wanaume wengine wakacheza karata, yeye akachukua kipande cha mwerezi kutoka karakana na kukiegemeza gotini. Alipima inchi moja ya mbao kwa kila futi sita za ndege yenyewe. Mchoro hakuwa nao, ila picha moja ya gazeti; mengine yote yalikuwa kichwani mwake. Mabawa juu ya mgongo, injini nne, maboya mawili madogo chini ya mabawa ya kuizuia isilalie ubavu, na tumbo kama la mashua. Mimi nilipiga msasa. Nilikata pangaboi kutoka makopo ya mafuta ya Kimbo. Nilipaka rangi ya fedha. Mungu hakutujalia mtoto, hilo unalijua, na rafu zetu zikajaa ndege. Kila moja ilikuwa na jina lake la kweli, Canopus, Castor, Caledonia, naye aliyaita hayo majina kama mtu anayeita watoto waje kula.

Mwaka wa sitini na tano alipeleka mbili kwenye maonyesho ya kilimo hapa Nyeri, na hapo ndipo alipomjua yule daktari Mzungu wa Nanyuki, mzee aliyekwisha kustaafu. Daktari huyo aliwahi kupanda mojawapo ya ndege hizo kutoka Kisumu akiwa kijana. Alisimama mbele ya meza akavua kofia. Tangu siku hiyo akawa akikusanya. Alitaka zote ambazo Athman anazikumbuka, moja baada ya nyingine, na kila aliyoipokea aliijibu kwa barua ndefu ya Kiswahili, akiuliza dirisha hili lilikuwa wapi, kamba ile ilifungwa namna gani. Kaka yako alinifanya nimsomee barua hizo mara mbilimbili. Hapa Nyeri, wifi, hakuna mwingine aliyewahi kuiona ndege ikitua majini. Watu walimheshimu, lakini hawakujua anazungumza nini. Yule daktari alijua.

Kisha macho yakaanza kufa. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kufikia mwaka wa sabini na moja hakuona hata mwanga wa dirisha. Nilidhani ataacha kuchonga. Hakuacha. Alitengeneza kijiti chenye mikato ya kupimia, akawa anachonga kwa vidole, polepole, huku midomo ikihesabu. Nilipomtazama nilijisikia kama ninayemwangalia mtu akiswali.

Ndege ya kwanza aliyoichonga gizani tuliituma Nanyuki. Baada ya mwezi daktari akairudisha, pamoja na barua. Hakuwa mkali. Alisema kwa upole sana kwamba bawa la kushoto limeshuka na mkia umepinda, na kama fundi amechoka, basi apumzike, amekwisha kumpa furaha ya kutosha. Athman alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, akingoja nimsomee.

Nikamsomea kwamba ni nzuri kuliko zote.

Sikupanga, wifi. Maneno yalitoka yenyewe, nami nikayaona yakiingia usoni mwake. Alicheka. Akaniomba nirudie pale penye sifa, na mimi, kwa kuwa pahali hapo hapakuwapo, nikabuni tena, nikaongeza.

Uongo wa kwanza ukataka wa pili. Ile iliyorudi niliificha katika ghala la makaa la Ngendo. Athman alipoanza ndege nyingine, mimi nami nilianza ya kwangu, ile ile, kwa vipimo vile vile. Miaka kumi na minane ya kupiga msasa ilikuwa imenifundisha, bila mimi kujua kwamba najifunza. Alipokwenda msikitini na baadaye kwa kinyozi, nilikwenda kwa Ngendo na patasi ya akiba, nikachonga kati ya magunia. Alipomaliza yake, niliichukua ati nikaipake rangi. Iliyokwenda Nanyuki ilikuwa yangu. Daktari akaandika kwamba anafurahi fundi amepata nguvu tena, na mara hii nilimsomea Athman kila neno kama lilivyo, nikalia, naye akadhani nalia kwa furaha.

Nilifanya hivyo kwa ndege tano. Ngendo hakupenda. Alinikalia kimya mpaka ya tatu, ndipo akaniambia, "Mama, mimi nakwambia ukweri. Huyu mzee hana macho lakini iko na vidole. Siku moja hii maneno itakuumiza." Nikamjibu kwamba aangalie makaa yake. Tulikaa wiki nzima hatusemezani, na sikuwa na mtu mwingine wa kusema naye jambo hilo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo barua zangu nne zilipokwama.

Septemba ya mwaka jana alikuwa amefika karibu na mwisho wa ndege ya sita. Jioni moja patasi ilimteleza, ikamkata kidole gumba na kuchimba tumbo la ndege, karibu na mkia. Nilimfunga kitambaa. Alisema ataliziba lile shimo kesho kwa gundi na unga wa mbao. Kesho yake, alipokwenda msikitini, nikidhani imebaki rangi tu, nilileta yangu niliyokwisha kuikamilisha, nikaiweka mezani mahali pa yake. Ya kwake ikaenda ghalani. Shimo nililisahau. Nakuapia, nililisahau kabisa.

Alirudi, akaketi, akatia gundi kwenye kibati, akaipindua ndege na kupitisha kidole akitafuta. Hakupata kitu. Akatafuta tena. Kisha akaishika kwa mikono miwili akaipapasa yote, kuanzia pua, injini moja moja, bawa hili, bawa lile, maboya, mpaka mkia, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi.

Aliniuliza, "Rukaya, hii nimechonga mimi?"

Nikasema, "Ni wewe. Nani mwingine?"

Akaniuliza mara ya pili, kwa sauti ile ile. Nami nikasema, "Wallahi ni wewe."

Akaiweka mezani. Kisha akaniomba nimletee vyombo vyake vyote, akavipaka mafuta kimoja kimoja, akavifunga ndani ya gunia, akasema mikono yake imechoka. Hakugusa mbao tena mpaka Mungu alipomchukua.

Nyinyi nyote niliwaambia kifua kilimkataza, kwa ajili ya vumbi. Ulilia mbele yangu ukilaani vumbi la mwerezi, nami nikakuacha ulaani. Kifua kilikuja baadaye, Mishi. Kwa miezi minane alikaa mlangoni. Hakunigombeza. Hakunung'unika. Aliomba chai kwa adabu, akashukuru kwa adabu, kama mpangaji. Majina ya ndege hakuyataja tena. Mtu huweza kufiwa na mumewe akiwa hai, naye akaendelea kumtilia sukari chaini.

Na si hilo tu. Wiki ya mwisho, asubuhi moja, aliniambia nimtolee barua za daktari nimsomee zote tangu mwanzo. Nikasoma. Nilipofika kwenye ile ya bawa lililoshuka, niliikunja, nikaikunjua tena. Alisubiri. Uso wake ulikuwa umenielekea kabisa, na nilijua kwamba anajua, na kwamba ananifungulia mlango ili niingie mwenyewe. Nikasoma kwamba ni nzuri kuliko zote. Nikasoma mpaka na zile sifa za kubuni, kwa sababu bado nilikuwa nazikumbuka neno kwa neno.

Akasema, "Ahsante. Umesoma vizuri." Akageukia ukutani.

Siku tatu baadaye nilikupigia simu ya kifo.

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilimfanyia huruma. Sasa nakaa peke yangu jioni hizi na kuiangalia ile huruma, na naona ilikuwa na nini ndani yake. Niliogopa kukaa chumba kimoja na mwanamume aliyevunjika moyo. Kama ningemsomea barua kama ilivyo, angeumia siku nyingi, pengine mwezi, kisha angechonga tena, kwa ajili yake mwenyewe, ndege zilizopinda, na zingekuwa zake. Yeye hakuniomba macho. Mimi nilimwibia mikono.

Shekhe nimemweleza kiapo changu, naye akanipa kafara, na nimekwisha kuitimiza. Lakini aliniambia kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na mwenyewe amelala kule makaburini. Kwa hiyo nakuomba radhi wewe, uliyenyonya naye ziwa moja. Ukiweza, unisamehe kwa niaba yake. Usipoweza, sitakulaumu, na sitaacha kuwa wifi yako.

Ndege uliyoiomba ataileta Abdulkadir, anayekuja Kisumu Ijumaa ya wiki ijayo kwa harusi ya mpwa wake. Nimeizungushia shuka ya Athman. Ile yangu iliyobaki hapa ni nzuri kuitazama, na ningeweza kukupa hiyo, usingejua maisha yako yote. Hii haina rangi. Ina weusi wa makaa ambao haukutoka hata nilipoiosha. Bawa moja limeshuka, mkia umekwenda upande, na chini ya tumbo kuna shimo ambalo hakuliziba. Watoto watacheka wakiiona. Waache wacheke, kisha uwaambie kwamba mjomba wao aliichonga bila kuona, na kwamba hakusaidiwa na mtu.

Daktari naye nitamwandikia. Nimeona ni heri wewe ujue kwanza.

Msalimie shemeji na majirani wote wa huko wanaonikumbuka, uwabusu watoto. Ngendo amenituma niseme kwamba akipata mtu wa Kisumu atakupelekea waru, viazi vya huku. Kama utaona vyema kunijibu, nijibu. Mtu wa posta ananijua, na siku za barua huwa nimekaa pale mlangoni.

Wako katika majonzi na mapenzi,
Rukaya, mjane wa Athman