Jozi ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Vimetembea! Vidoti vyangu, watu wangu wa kompyuta, vimetembea! Mia tatu kwenye skrini, kutoka stesheni hadi sokoni, bila kugongana. Wiki tatu navifundisha: tazama mbele, mpishe mwenzako. Nimepiga kelele hadi Bosi akatoka ofisini kwake, kikombe mkononi. Akatazama. Vinakwenda kama gwaride, akasema, binadamu gani hao? — Ni kweli. Na si mchezo: mwezi jana mama mjamzito alisukumwa pale ngazi za stesheni, akavunjika mkono. Jiji linauliza kama njia ile yenye upana wa mita tatu inatosha au ipanuliwe. Jibu litatoka kwenye vidoti vyangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesimama juu ya ngazi masaa mawili nikitazama watu. Kumbe nusu yao hawatembei peke yao! Wawili wawili, soga mtindo mmoja, wameziba njia, na nyuma yao msururu. Bosi kasema nipime mwendo wa jozi kumi. Watu wa ofisini hawakutosha, kwa hiyo jozi ya saba ni mimi na Fundi Kamera, anayefunga kamera za kupimia. Yule mrefu. Hatujawahi kuvuka "habari za kazi".

Alhamisi, 6 Machi
Mita hamsini, mara sita, katikati ya umati wa asubuhi. Amri: ongeeni kama kawaida. Mzunguko wa kwanza tukaongelea mvua. Wa pili, viatu vyake — vya marehemu baba yake, vinambana, hataki kuviacha. Wa tatu nilicheka hadi nikashika ukuta. Wa nne, mzee mmoja nyuma yetu: jamani, kama mnataka kukaa si mkae! Tukaomba radhi. Wa sita sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba uliisha.
Jioni nyumbani Mama kaniuliza kwa nini naosha sahani moja mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua takwimu. Mungu wangu! Jozi nyingine zote: mita 1.2 kwa sekunde, hapo hapo. Jozi ya saba: 1.2. 1.1. 0.9. 0.8. 0.7. 0.5. Sifuri nukta tano! Kobe angetuomba njia! Nimefunika skrini kwa mikono miwili, na chumbani niko peke yangu. Nikacheka kama chizi.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi kaziona takwimu. Hawa wa jozi ya saba, akauliza, wagonjwa? Wafute.
Nikawafuta. Mita tatu zinatosha, vidoti vinateleza kama maji. Nikawarudisha — jozi moja tu katika kumi! — vikarundikana hadi ngazini. Pale pale alipoangukia yule mama mjamzito.
Kufuta ni rahisi. Aibu yangu nayo inafutika. Lakini watu wa namna hii wapo, wanapita pale kila siku! Nimekwenda ofisini kwa Bosi.
"Bosi, hao si wagonjwa. Ni mimi na Fundi."
Kavua miwani. "Mlichoka?"
"Hapana."
"Mliumia?"
"Hapana."
"Sasa mbona—" Akavaa miwani tena, taratibu. "Kesho saa mbili asubuhi. Napima mwenyewe."

Jumanne, 11 Machi
Saa mbili kasoro tano. Naandika nimeegemea nguzo. Bosi yuko kule mwisho na saa yake ya kupimia. Watu wanamiminika. Fundi kafika, kauliza kwa nini tunarudia. Nikasema — uso unawaka — eti mwendo wetu umeleta utata.
"Najua," akasema. "Nimeiangalia video yetu mara nne."
"Kukagua kamera?"
"Kamera nilimaliza kuikagua ile mara ya kwanza."
Hakutazama pembeni! Mimi ndiye niliyetazama pembeni, ndiyo maana naandika, mikono ipate kazi. Yeye amesimama hapa, ananisubiri nimalize sentensi.
Bosi anapunga mkono. Haya, anapaza sauti, tembeeni kama kawaida!
Kawaida ipi sasa? Fundi anauliza kama niko tayari. Nimesema bado kidogo, na huku nafunika kalamu.