Huku Chini Kweupe

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Kwa mjukuu wangu,

Salamu nakupa, maana hasira si sababu ya kumnyima mtu salamu. Hujambo? Mkeo hajambo? Na huyo kitukuu wangu, ambaye mpaka leo namjua kwa picha ya simu tu, ananyonya vizuri, au anawakesha? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu aliyevunjika mbavu. Nikicheka zinauma, lakini siku hizi hakuna wa kunichekesha humu ndani, kwa hiyo zinapona upesi.

Zamani ningeanza kwa kukuita mume wangu, kama tulivyozoea kutaniana, na dada yako angepiga kelele kule jikoni kwamba mke mwenza amechoka kunipikia. Leo nakuita mjukuu. Utani una siku zake.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa nililoishia unalijua, na mwandiko wangu ulikuwa ukiucheka, ukisema kuku kapita kwenye majivu. Ucheke tena ukitaka, ila usome mpaka mwisho.

Dada yako ametoka hospitali. Yuko chumba cha uani, kile mlichokuwa mkilala nyote wawili, mguu umechomekwa vyuma nje na ndani. Daktari amesema mfupa utaunga lakini goti halitakunja tena. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akipanda juu ya paa kutazama ndege zikipita, wewe umemshikia ngazi. Leo kwenda chooni anashikwa mkono. Leseni yake ya urubani iko mezani kwa kamati inayochunguza ajali. Wanamuuliza kwa nini aliacha kuruka kwa mitambo akaruka kwa macho, na huko kazini kwao nasikia wamempa jina, wanamwita Bi Haraka.

Wewe kisa hiki unakijua kwa upande wako wa redio. Mimi nilikuwa ndani, nikueleze wa kwangu.

Nilikuwa nakuja kwako kumpakata mtoto. Bosi wa dada yako alinikubalia nikae kiti cha mbele cha kile kindege chao cha vifurushi, maana nyuma kulijaa maboksi. Dada yako alinifunga mkanda akaukaza mpaka nikamwambia mimi si boksi. Akanivalisha vile visikio vikubwa ili tusikizane, kwa sababu injini ile inanguruma kama mashine ya kusaga. Nje hakukuonekana kitu, tumo ndani ya wingu kama wadudu ndani ya gunia la pamba. Nikamuuliza anaona wapi anakokwenda. Akasema haoni, na hana haja ya kuona. Akanionyesha zile saa na vishale vyake, akasema hivyo ndivyo vinavyomwongoza, na chini wako watu wanaoziona ndege zote kwenye kioo, wanampangia kila rubani apite wapi na nani amsubiri nani, wasigongane. Nikauliza ni kina nani hao. Akacheka, akasema leo ni mumeo. Basi mimi mjinga nikatulia. Nikasema kama ni yule niliyemlea mwenyewe, acha nisinzie.

Sauti yako niliitambua. Lugha yenu ya kazi siijui, nilisikia nambari tu na maneno ya kukatakata. Mlikuwa wengi angani, unawajibu mmoja baada ya mwingine, koo limekukauka. Dada yako akaniambia tumo kwenye foleni, tutazunguka kidogo tungoje zamu yetu. Akasema mafuta yapo ya kutosha, na yeye hana haraka. Nisikilize vizuri hapo. Bi Haraka alisema hana haraka.

Halafu ukaiacha lugha ya kazi, ukasema kwa lugha ya nyumbani, kama umeegemea mlango wa jiko langu. Ukasema huku chini kweupe. Ukasema waliomtangulia wameuona uwanja toka mbali wakashuka wenyewe. Ukasema yeye ni wa tano. Ukarudi kwenye nambari zako.

Dada yako akashusha pumzi, akasema mdogo wake kazidiwa. Nikamuuliza kwani ameomba nini. Akasema hajaomba, tangu lini yule akaomba? Akanieleza kwamba rubani akiiona njia anaweza kusema kuwa anaacha kuruka kwa mitambo, atashuka kwa macho. Akishalisema hilo, kukaa mbali na mawingu, kuikwepa milima na kuwatazama wenzake ni juu yake mwenyewe, na yule wa chini anatua mzigo mmoja. Wakati ule wingu lilikuwa na tundu, na kwenye tundu tuliona mto, barabara ya lami, na uwanja kwa mbali kama utepe. Akalisema redioni. Ukalipokea upesi, kama mtu aliyekuwa kasimama nyuma ya mlango ameshika komeo.

Tundu likafumba. Akashuka ili akae chini ya wingu, na wingu likashuka nasi. Akaomba umrudishe kwenye mitambo. Ukamwambia asubiri, unao wengine. Alipoinua pua ya ndege, miti ilikuwa imeshatugusa tumbo. Sikupiga kelele. Nilisikia maboksi yakitujia mgongoni, basi. Nakumbuka mikono ya dada yako, haikuachia usukani mpaka waokoaji walipokuja kuibandua.

Nilipotoka wodini alikuja hapa nyumbani mama mmoja wa kamati, mwenye miwani na adabu nyingi. Alitaka kujua kama nilikuwa nimefunga mkanda. Nikamjibu, kisha nikamuuliza na mimi. Akanieleza kwamba neno la kuacha mitambo lazima rubani alitoe mwenyewe. Mwongozaji wa chini amekatazwa kumwalika, si waziwazi wala kwa fumbo. Kwa fumbo! Nikamwambia aliyeiandika sheria hiyo alikuwa na mjukuu kama wangu. Hakucheka. Akasema kanda iliyonasa maneno ya redioni wameisikiliza, na walichokisikia ni mwongozaji anatoa habari za hali ya hewa. Nikamuuliza mwongozaji huyo anapokaa anaona nje? Akasema haoni, chumba chao hakina hata dirisha, habari za anga huletewa na wengine, na zile ulizotoa zilikuwa zimechacha. Huku chini kweupe, mjukuu wangu! Umejifungia kama panya stoo, unawatangazia watu kweupe.

Yule mama hakujui. Mimi nakujua. Kwangu mtoto hakuruhusiwa kuombaomba, na wewe ukajitafutia uchochoro. Ukiwa na njaa ulisimama mlangoni ukasema jirani leo wanakaanga. Zamu yako ya kukata kuni ikifika, ulisema shoka limekuwa butu, unalipima kwa kidole, unamtazama dada yako kwa pembe ya jicho. Dada yako anainuka. Nikikufokea unasema hukumtuma mtu. Wala usinisingizie malezi. Nilikataza kuomba, sikufundisha kutega. Dada yako mlikula naye sufuria moja, na neno lake hulisema likasikika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako wewe umeirefusha kwa kona.

Sasa nikwambie usilolijua.

Mchana ule ulipokuja wodini na mfuko wa machungwa, ulinikuta nimefumba macho. Muuguzi akakwambia dawa imenilaza. Dawa ilinifunga mdomo, masikio haikuyagusa. Ulikaa katikati ya vitanda vyetu, mimi umenipa mgongo. Ukamwambia dada yako kuwa mwenzako wa zamu alikuwa ametoka, kioo kimejaa ndege, ukataka mmoja akupungukie, na ulijua yeye ataelewa bila kuambiwa. Ulijua. Neno hilo nililisikia kama ninavyokusikia ukiniamkia. Na hukumwomba akufichie, wewe hata pale hukuomba! Ulisema mtoto hata mwezi hajatimiza. Ulisema nyumba mnayokaa ni ya kazi, anayeachishwa hutolewa na virago vyake. Ulisema mkeo hajui lolote. Ukaanza kumenya chungwa. Dada yako, mguu umening'inizwa kwa kamba, akakwambia amekusikia, atasema aliamua mwenyewe. Ukalila lile chungwa.

Amesema hivyo mbele ya kamati, neno kwa neno. Na mimi alinisihi nifunge mdomo, akasema yeye kazi imeshamponyoka pamoja na goti, kwa nini tupoteze watu wawili. Nikafunga. Kisha ikaja habari kwamba wataandika uzembe ni wake peke yake, leseni ifutwe, na kisa chake kisomwe darasani kwa wanaojifunza urubani, wamjue mtu asiyetakiwa kuigwa. Hapo nikavaa viatu.

Nilikwenda juzi mpaka ofisini kwao. Yule mama alidhani nimekuja kulalamikia mkanda. Nikamwambia yote, la redioni na la machungwa. Aliniuliza mara mbili kama ninaelewa kuwa ninayemsema ni mjukuu wangu. Nikamjibu ndiyo maana najua anavyoomba.

Dada yako hasemi nami. Nikimpelekea chai anageukia ukutani. Mara moja tu alifungua kinywa, akasema nimemuuza mtoto mmoja ili nimnunulie mwingine leseni isiyo na mguu. Labda ni kweli. Bati lililo juu ya kichwa changu ni lako, na dawa za kifua ni zako. Najua tawi ninalolikata na nani amelikalia. Ukiacha kuleta, acha. Nilikuwa mtu kabla ya bati.

Watakuita wiki hii. Yule mama hakunificha, alisema kanda haitoshi, na mimi ni kikongwe niliyekuwa na dawa mwilini. Ukikana, utashinda. Utarudi kwenye chumba chako, na dada yako atakuwa Bi Haraka mpaka kaburini. Kwa hiyo limebaki kinywani mwako. Mimi sikudokezi, nakuagiza. Nenda ukawaambie ulimwalika, na ulijua unamwalika.

Msalimie mkeo, mwambie sina neno naye. Amlete mtoto nimpakate upande wa kulia, wa kushoto bado unauma. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu, anakusifu kila siku, nami namwacha akusifu. Ukisema na wakakufukuza, njoo na virago vyako, kitanda chako cha uani kipo. Usiposema, usije hata kunizika.

Ni mimi bibi yako,
niliyekulea